Kwaki b na Swali la Mwaka 1964

Historia ya kwaki b huanza miaka 13 kabla ya kwaki yenyewe kuonekana. Mwaka 1964, katika maabara ya Brookhaven kwenye kisiwa cha Long Island, Marekani, James Cronin na Val Fitch pamoja na wenzao wawili walikuwa wakichunguza kaoni, chembe zinazozaliwa pale protoni zenye kasi kubwa zinapopiga shabaha, nazo hudumu muda mfupi tu kabla ya kuvunjika. Kanuni ya siku zile ilisema kwamba kaoni zenye maisha marefu haziwezi kamwe kuvunjika na kutoa pioni, chembe nyepesi kuliko kaoni, mbili tu. Walipohesabu walikuta takriban 2 katika kila 1000 zimetoa pioni mbili. Kiasi hicho kidogo kilitosha kubomoa imani iliyokuwa haijawahi kutiliwa shaka kubwa, kwamba sheria za maumbile hazibagui kati ya maada na antimaada, pacha wake mwenye chaji kinyume.

Mwaka huohuo Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba protoni, nyutroni na ndugu zao wote zimeundwa kwa vipande vidogo zaidi, navyo vikaja kuitwa kwaki. Kwa wakati ule zilitosha kwaki tatu. Hakuna aliyeona kwamba habari za kwaki na habari za Brookhaven zingekuja kukutana. Uzito wa ugunduzi wa Cronin na Fitch ulifafanuliwa mwaka 1967 na Andrei Sakharov wa Umoja wa Kisovieti. Maada na antimaada zikikutana huteketezana na kugeuka mwanga. Ikiwa ulimwengu ulianza na viwili hivyo kwa kiasi sawa, mbona leo kuna nyota, sayari na viumbe vya maada tupu? Sakharov alitaja masharti ambayo lazima yatimie ili maada isalie, na mojawapo ni kwamba maumbile yazitendee maada na antimaada kwa namna tofauti. Kilichosalia ni kidogo mno: kwa kila chembe moja ya maada tunayoiona leo, takriban bilioni moja ziliteketea pamoja na wapinzani wao ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Japani. Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walikuwa vijana wa miaka 28 na 32 mwaka 1972, wote wawili wanafunzi wa zamani wa Shoichi Sakata huko Nagoya, na sasa walikuwa wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Kyoto. Walitaka kujua kama nadharia mpya ya kani dhaifu, kani inayozibadilisha chembe kutoka aina moja hadi nyingine, ingeweza kubeba tofauti iliyoonekana Brookhaven. Msingi ulikuwa umewekwa na Nicola Cabibbo wa Italia, aliyeonyesha mwaka 1963 jinsi aina za chembe zinavyochanganyika zinapobadilishwa na kani hiyo. Mwaka 1970 Sheldon Glashow na wenzake walikuwa wamedai kwamba lazima iwepo kwaki ya nne. Kobayashi na Maskawa walijaribu kwa kwaki nne, na kila njia ikafungika. Maskawa alisimulia baadaye kwamba siku moja aliinuka kutoka kwenye bafu akiwa ameshaamua kuandika makala ya kusema haiwezekani, na papo hapo akaona kwamba kwa kwaki sita inawezekana. Makala yao ilichapishwa Februari 1973 katika jarida la fizikia la Japani. Haikuzidi kurasa 6. Zilikuwa zimejulikana kwaki tatu tu, nao wakaomba nyingine tatu ziongezwe, na kwa muda hakuna aliyewajali.

Kuanzia Novemba 1974 mambo yalikwenda mbio. Kundi la Samuel Ting huko Brookhaven na la Burton Richter huko Stanford yaligundua, kwa wakati mmoja, chembe iliyoundwa kwa kwaki ya nne na antikwaki yake. Mwaka 1975 Martin Perl, naye wa Stanford, alitoa ushahidi wa tau, ndugu mzito wa elektroni na myuoni. Hiyo ilikuwa ishara kwamba kuna familia ya tatu ya chembe, na familia ikiwa na tau, ilielekea kuwa na kwaki zake mbili pia.

Moja ya hizo mbili ilipatikana Fermilab, kwenye tambarare za Illinois nje ya Chicago. Kundi la Leon Lederman lilirusha protoni zenye nishati ya elektronivolti bilioni 400 kwenye shabaha za shaba na platini, kisha likahesabu jozi za myuoni zilizotoka upande wa pili. Myuoni hupenya vizuizi vizito vinavyozisimamisha karibu chembe nyingine zote, kwa hiyo ukiziona mbili pamoja unaweza kukokotoa uzito wa kitu kilichozizaa. Mwaka 1976 kundi hilo lilitangaza chembe mpya yenye uzito wa karibu elektronivolti bilioni 6, lakini data zilipoongezeka chembe hiyo ilitoweka. Wakarudi kazini. Mei 1977 moto ukazuka katika mitambo yao. Plastiki ya nyaya ilipoungua ilitoa klorini, na klorini ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula saketi polepole hata baada ya moto kuzimwa. Mtaalamu wa kuokoa vifaa vilivyopitiwa na moto aliitwa haraka kutoka Ulaya akaja na dawa yake, na wanafizikia wakaosha bodi za saketi moja baada ya nyingine. Baada ya siku chache tu mitambo ilikuwa ikifanya kazi tena. Tarehe 30 Juni 1977 walisimama mbele ya wenzao na mchoro wa jozi 9000 za myuoni, na katikati ya mteremko wa mchoro huo, penye elektronivolti bilioni 9.5, kilisimama kilima kisichoweza kupuuzwa. Chembe ile, iliyopewa jina la Upsiloni, ilikuwa na uzito wa takriban mara 10 ya protoni, na ndani yake mlikuwa na kwaki ya tano, iliyokuja kuitwa botomu, au kwa kifupi b, ikiwa imefungamana na antikwaki yake.

Kuona kwaki ikiwa imefungwa pamoja na mpinzani wake hakutoshi kuielewa. Mwaka 1978 mashine ya DORIS huko Hamburg, Ujerumani, iliizalisha Upsiloni kwa njia safi zaidi, kwa kugonganisha elektroni na positroni, yaani antielektroni, na vipimo vikaonyesha kwamba chaji ya kwaki b ni theluthi moja hasi. Lakini watafiti waliihitaji kwaki b iliyo huru na mpinzani wake, yaani iliyoungana na kwaki nyingine nyepesi kuunda mesoni B. Mashine iliyowapa ilijengwa Chuo Kikuu cha Cornell, jijini Ithaca, katika handaki la mita 768 lililochimbwa chini ya viwanja vya michezo vya wanafunzi. Mwaka 1980 watafiti wa hapo waligundua ndugu wa nne wa Upsiloni, mwenye uzito wa elektronivolti bilioni 10.58. Mesoni B mbili zina uzito wa jumla wa bilioni 10.56. Ndugu huyo anapovunjika hupata nishati ya kutoa mesoni B na antimesoni B, na haibaki nishati ya kutosha kwa chembe nyingine hata moja. Nafasi hiyo finyu imebaki kuwa msingi wa sehemu kubwa ya kazi ya elektroni na positroni katika uwanja huu hadi leo.

Kisha ukaja mwaka 1983, ambao kwa maoni yangu hautajwi kadiri unavyostahili. Kwenye mashine ya PEP huko Stanford, makundi mawili yaliyoitwa MAC na Mark II yalipima muda ambao chembe zenye kwaki b huishi kabla ya kuvunjika. Wengi walitarajia muda mfupi mno usiopimika kwa vifaa vya siku zile. Walichokipata ni zaidi ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na vipimo vya leo vinasema takriban 1.5. Kwa mwanadamu huo ni muda usiofikirika, lakini kwa chembe nzito namna hiyo ni maisha marefu ya kushangaza. Sababu yake ni kwamba kwaki b hubadilika kwa shida sana kuwa kwaki za familia nyingine, kwa kuwa uhusiano wake nazo katika jedwali la Kobayashi na Maskawa, linaloonyesha jinsi kwaki zinavyochanganyika, ni dhaifu mno. Matokeo yake ni makubwa. Chembe inayoishi kiasi hicho, ikienda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, husafiri sehemu ya milimita kabla ya kuvunjika. Umbali huo unaweza kuonekana kwa kitambuzi cha silikoni kilichowekwa karibu kabisa na mahali pa mgongano. Kama kwaki b ingekuwa na maisha mafupi kama ilivyotarajiwa, sehemu kubwa ya yaliyofuata katika historia hii isingewezekana.

Tayari mwaka 1980 na 1981 Ashton Carter, Ikaros Bigi na Anthony Sanda walikuwa wameonyesha katika makala zao kwamba ikiwa Kobayashi na Maskawa wako sahihi, tofauti kati ya maada na antimaada katika mesoni B isingekuwa 2 kwa 1000 kama kwenye kaoni, bali ingeweza kuwa kubwa mara nyingi. (Carter huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 2015.) Hesabu yao ilikuwa na sharti: mesoni B isiyo na chaji iwe na tabia ya kugeuka kuwa antimesoni kabla ya kuvunjika, na igeuke mara nyingi vya kutosha. Mwaka 1987 kundi la ARGUS, lililokuwa likifanya kazi kwenye DORIS ileile ya Hamburg, lilitoa jibu. Lilipata migongano ambamo mesoni zote mbili zilizotoka zilikuwa za aina moja, jambo lisilowezekana bila moja kugeuka njiani, na likakadiria kwamba hivyo hutokea kwa karibu asilimia 17. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko wengi walivyotazamia. Maana yake nyingine ilikuwa kwamba kwaki ya sita, topu, ambayo ndiyo inayowezesha mgeuko huo, ni nzito kuliko ilivyodhaniwa. Mashine ya TRISTAN, iliyokuwa imefunguliwa muda mfupi kabla yake huko Tsukuba, Japani, kwa matumaini ya kuipata topu, haikuwa na nguvu ya kutosha. Topu ilipatikana Fermilab mwaka 1995, nzito kiasi cha mara 180 ya protoni.

Baada ya ARGUS kila mtu alijua kinachotakiwa kupimwa, na kila mtu alijua ugumu wake. Mesoni B mbili zinazozaliwa Cornell au Hamburg zilikuwa karibu zimesimama, kwa hiyo haikuwezekana kujua ipi ilivunjika kwanza na baada ya muda gani. Mwaka 1987 Pier Oddone wa Berkeley alipendekeza dawa: mihimili ya elektroni na positroni isiwe na nishati sawa. Lori lenye mzigo likigongana uso kwa uso na gari dogo, vyote viwili husukumwa upande ule lori lilikokuwa likienda. Vivyo hivyo mesoni B zingesukumwa mbele pamoja, na muda kati ya kuvunjika kwa moja na nyingine ungegeuka kuwa umbali unaopimika. Wazo hilo lilihitaji mihimili miwili katika mabomba mawili tofauti na wingi wa migongano ambao hakuna mashine iliyowahi kuufikia. Tukio lililosubiriwa zaidi, mesoni B kuvunjika kuwa chembe ya Ting na Richter pamoja na kaoni, hutokea kwa uchache sana, hivi kwamba ilibidi zizalishwe mesoni kwa makumi ya mamilioni. Mashine hizo zikaitwa viwanda vya mesoni B.

Oktoba 1993 serikali ya Rais Bill Clinton iliamua kiwanda cha Marekani kijengwe Stanford badala ya Cornell. Ulikuwa mwezi uleule ambapo Bunge la nchi hiyo lilifuta mradi wa mashine kubwa ya Texas baada ya mabilioni ya dola kutumika, na wanafizikia wengi walihitaji mahali pa kwenda. Stanford ilitumia handaki la PEP, lile ambamo maisha ya kwaki b yalipimwa mwaka 1983, kugonganisha elektroni za elektronivolti bilioni 9 na positroni za bilioni 3.1. Japani ilitumia handaki la kilomita 3 la TRISTAN kule Tsukuba, kwa elektroni za bilioni 8 na positroni za bilioni 3.5. Kitambuzi cha Stanford kiliitwa BaBar, kwa jina la ndovu wa hadithi za watoto za Kifaransa, na cha Tsukuba kikaitwa Belle. Vyote viwili vilianza kukusanya data mwaka 1999, na kila mwezi wafanyakazi wa upande mmoja walikuwa wakiangalia hesabu za upande wa pili.

Kilichopimwa ndani ya vitambuzi hivyo kinafaa kuelezwa kwa ukaribu. Mesoni mbili huzaliwa pamoja na kusogea upande mmoja, zikitenganishwa na umbali wa takriban robo milimita zinapovunjika. Chembe zinazotoka kwa mesoni ya kwanza husaidia kujua kama ile ya pili ilikuwa mesoni au antimesoni wakati huo. Halafu hupimwa umbali, umbali unageuzwa kuwa muda, na mamia ya matukio ya aina hiyo hupangwa katika michoro miwili, mmoja wa maada na mwingine wa antimaada. Kama maumbile yasingebagua, michoro hiyo ingelingana. Julai 2001, kila upande ukiwa umechambua zaidi ya jozi milioni 30 za mesoni, BaBar ilitangaza thamani ya 0.59 na Belle 0.99 kwa kipimo ambacho kingekuwa sifuri kama pasingekuwa na tofauti. Namba hizo hazikukubaliana sana baina yao, lakini zote zilikuwa mbali na sifuri kiasi cha kumaliza ubishi. Data zilipoongezeka zilikaribiana, na leo kipimo hicho kiko karibu na 0.7, pale hasa nadharia ya kurasa 6 ilipokiweka. BaBar ilifunga Aprili 2008 ikiwa na jozi takriban milioni 470, na Belle ikafunga Juni 2010 ikiwa na milioni 772. Oktoba 2008 Kobayashi na Maskawa walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, na nusu nyingine ikaenda kwa Yoichiro Nambu. Cabibbo, aliyekuwa angali hai, hakutajwa, na wengi katika fani waliona ameonewa.

Ushindi huo ulikuwa na upande mchungu. Tofauti iliyothibitishwa Stanford na Tsukuba ni ya kweli, ila ukiiingiza katika hesabu za mwanzo wa ulimwengu haitoi maada inayoonekana leo, wala haikaribii; inapungua kwa mara bilioni nyingi. Swali la Sakharov lilibaki palepale, na sasa ilikuwa wazi kwamba pahali fulani pana kani au chembe isiyojulikana. Kuanzia hapo mesoni B haikutafutiwa tena uthibitisho wa Kobayashi na Maskawa, bali nyufa katika nadharia yao.

Kazi hiyo ilihamia kwa protoni. Tevatron ya Fermilab ilikuwa imeshaonyesha mwaka 2006 kwamba mesoni B yenye kwaki ya ajabu, iitwayo Bs, hugeuka na kurudi takriban mara trilioni 3 kwa sekunde. Kisha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikafungua mashine ya LHC ndani ya handaki la kilomita 27 lililoachwa na mashine ya LEP. Kitambuzi cha LHCb kiliwekwa katika chumba cha chini ya ardhi, upande wa Ufaransa, kilichokuwa cha DELPHI, kitambuzi cha enzi iliyopita. Migongano ya nishati kubwa ilianza Machi 2010. Protoni hutoa kwaki b kwa makumi ya maelfu ya jozi kila sekunde, na nyingi hurushwa mbele, ndiyo maana LHCb haikuzungushwa pande zote za mgongano kama wenzake, bali ilipangwa upande mmoja kwa urefu wa mita 20 hivi. Vipande vya silikoni vilivyo karibu zaidi na mhimili vilikuwa milimita 8 kutoka kwake, na baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2022 vikasogea hadi milimita 5.1. Mhimili unapowashwa vipande hivyo hukaa mbali; unapotulia, husogezwa ndani.

LHCb ilianza kwa tukio adimu mno, Bs kuvunjika kuwa myuoni mbili. Nadharia ilisema hutokea takriban mara 3 au 4 katika bilioni. Novemba 2012 ulipatikana ushahidi wa kwanza, na mwaka 2015 LHCb pamoja na CMS, kitambuzi kingine cha LHC, zikathibitisha: nadharia haikuwa imekosea. Kisha ukaja ufa ulioonekana wa kweli. Mwaka 2014 LHCb iliripoti kwamba mesoni B zinapovunjika kuwa kaoni na jozi ya elektroni au ya myuoni, myuoni hutokea kwa uchache kuliko inavyopaswa. Machi 2021 tofauti ilikuwa imefikia kiwango cha sigma 3.1 (sigma zikiwa nyingi, ni vigumu zaidi tofauti kuwa ya bahati tu), na mamia ya makala za nadharia ziliandikwa kuieleza. Desemba 2022 kundi lilelile lilitangaza kwamba tofauti haipo: sehemu ya elektroni zilizohesabiwa zilikuwa chembe nyingine zilizotambuliwa vibaya. Naona tangazo hilo linastahili heshima sawa na ya ugunduzi wowote wa karne hii katika fani hii, maana waliolitoa ndio waliokuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Nyufa nyingine hazijazibwa. Tangu BaBar ilipotoa taarifa mwaka 2012, mesoni B zimeonekana kutoa tau nyingi kuliko nadharia inavyoruhusu, na vipimo vya maabara tofauti vikiunganishwa vinasimama juu ya sigma 3. Huko Tsukuba handaki lilelile la TRISTAN sasa lina mashine ya SuperKEKB, iliyopata migongano yake ya kwanza Aprili 2018, ikibana mihimili hadi unene wa sehemu za milioni ya milimita na kulenga kukusanya data mara 50 ya zile za Belle ya zamani. Mwaka 2023 kitambuzi chake, Belle II, kilitoa ushahidi wa kwanza wa mesoni B kuvunjika kuwa kaoni na neutrino mbili, kwa kiwango kinachozidi nadharia kwa sigma 2.7. Na mwaka 2025 LHCb ilitangaza, kwa mara ya kwanza, tofauti ya maada na antimaada katika barioni, jamaa ya protoni na nyutroni ambazo ndizo zinazojenga miili yetu. Ilikuwa barioni yenye kwaki b, na tofauti ilikuwa asilimia 2.45.

Mwaka 2026 LHC imepangiwa kusimama kwa miaka kadhaa ili iongezewe nguvu, na mihimili kurejea karibu na mwaka 2030. Katika kipindi hicho mesoni B zinatarajiwa kuendelea kuzalishwa Tsukuba.